Kipimajoto cha saa tisa

Februari 2017 kiangazi kilikuwa kimekaza. Serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa, na hata Kuresoi, ambako watu wamezoea matope, vumbi lilikuwa limetanda juu ya majani ya chai. Wiki hiyo ndiyo wageni wanne wa Kisumu walipoomba kupelekwa Mto Kiptiget kuvua trauti siku ya Jumamosi. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kutoka Nakuru, kuukagua mto, kisha kuwapigia simu waje au wasije. Alhamisi nikapanda matatu ya Molo na Keringet hadi Olenguruone, nikalala kwa Mzee, aliyelinda samaki wa mito ile miaka mingi kabla ya kustaafu. Ijumaa alfajiri tukashuka mtoni.

Saa moja asubuhi tulikuwa darajani. Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 13. Maji meupe, changarawe za chini zahesabika. Nikatoa simu nikawaambia wale jamaa mto uko sawa, waje. Mzee aliniacha nimalize.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia mto uko sawa, Mzee."

"Umewaambia habari za mto wa saa moja. Wao watavua saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Wageni wakitoka Kisumu asubuhi hufika Kuresoi jua likiwa utosini, wakaanza kuvua wakati ambao hakuna aliyepima.

Trauti si samaki wa asili yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, vifaranga vikatiwa Mto Gura kule milima ya Nyandarua, na trauti wa upinde wa mvua akaletwa miaka michache baadaye. Huyu wa pili ndiye tuliyekuwa tukimfuata. Hula vizuri maji yakiwa nyuzi 12 hadi 16. Yakipita 18 huanza kuhema, yakipita 20 huacha kula, na yakikaribia 25 hufa hata bila kuguswa na mtu. Sababu kubwa ni hewa iliyomo majini. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 hushika miligramu 10 hivi za oksijeni kwa lita. Ukipanda hadi mita 2,300, maji yaleyale hushika chini ya 8, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Yapashe moto hadi nyuzi 20 na zitabaki 7 tu, nazo ni za maji yanayorukaruka kwenye mawe. Kwenye kidimbwi kilichotulia ni chache zaidi, na trauti akikosa 6 maisha yake huwa magumu. Kwa hiyo anayesema "huku juu kuna baridi, samaki hawana shida" amehesabu nusu ya hesabu.

Mzee alikuwa na daftari la shule lililopigwa mistari: tarehe, saa, nyuzi, kimo, mwendo, rangi, mvua ya juu. Alianza na kipimajoto changu. Akauliza kama nimekijaribu kwenye barafu. Nilikuwa nimekijaribu Nakuru: unajaza kikombe barafu iliyopondwa, unaongeza maji kidogo tu, unakoroga, unasubiri dakika 5. Kikiwa kizima husoma sifuri. Changu kilisoma nusu nyuzi juu, kwa hiyo kila nilichopima nilikitoa nusu. Hapo akaridhika. Lakini namna nilivyosoma hakuipenda. Nilikuwa nimekivuta nje, nikakiinua machoni, upepo unavuma. Kioo kilicholowa kikipigwa na upepo hupoa, nacho kikipigwa na jua hupanda, na vyote hutokea ndani ya sekunde chache. Yeye alikifunga kwa kamba ya mita moja na nusu, akaning'iniza msumari mnene kama uzito, akakizamisha katikati ya mkondo, nusu ya kina, upande wa kivuli, dakika 3. Kisha akakitoa kikiwa ndani ya kikombe cha bati kilichojaa maji ya palepale, akasoma bila kukitoa kikombeni. Nyuzi 13 na nusu, toa nusu, 13. Safari ile nilibahatisha.

Kimo alikisoma kwenye msumari alioupigilia nguzo ya daraja miaka ya nyuma. Mwendo wa maji aliupima kwa ndimu. Kijiti husukumwa na upepo, ila ndimu huzama karibu yote, ikaenda na maji yenyewe. Alihesabu hatua za mita 10 ukingoni, akaitupa juu, mimi nikashika saa chini. Mara tatu, tukachukua ya katikati: sekunde 31.

Rangi haikuwa na maneno mwaka ule, kwa kuwa mvua haikuwepo. Miezi ya mvua ndiyo yenye kazi. Maji ya Kiptiget yakiwa rangi ya chai ya rangi, ni majani ya msituni yaliyolowa, na samaki yumo na anaona. Yakiwa rangi ya chai ya maziwa, ni udongo wa mashamba, geuza gari. Katikati ya hizo mbili Mzee alitumia kifuniko cheupe cha mkebe kilichofungwa kamba. Kikipotea machoni kabla ya nusu mita, kuvua kwa ndoano ya manyoya, ile iliyofungwa ifanane na mdudu, ni kujichosha. Tena mvua ya kuuliza haikuwa ya darajani. Alimpigia mwenye duka anayekaa juu karibu na msitu, maana mvua ya huko jana jioni ndiyo maji ya hapa leo asubuhi.

Saa mbili na nusu tukasikia pampu ya kwanza. Kuresoi ni nchi ya viazi, na kiangazi kile wakulima walikuwa wanaokoa walichopanda. Siwezi kumlaumu mtu mwenye watoto shuleni anayeona shamba linakauka hatua ishirini kutoka kwenye maji. Tulitembea ukingoni tukizihesabu: saba, kila moja na bomba lake limezama kidimbwini. Saa tano tulirudi darajani tukatupa ndimu tena. Sekunde 44, na kimo kimeshuka vidole viwili chini ya msumari. Maji yakiwa machache na ya polepole hukaa juani muda mrefu zaidi kwa kila hatua, na mawe meusi ya kando yaliyobaki wazi huwa kama jiko. Kipimajoto: 17. Nyuzi 4 kwa saa nne.

Tulipofika kivuko cha ng'ombe Mzee aligeuza mawe. Unachagua jiwe la ukubwa wa sahani kutoka kwenye mkondo wenye povu, hutoi la kidimbwini, unaligeuza taratibu juu ya beseni jeupe. Mto ukiwa mzima utakuta mabuu bapa yenye mikia mitatu yakikimbia, mengine yamejijengea vijumba vya changarawe, na huenda kaa mdogo akakunyooshea magando. Hao wote ni chakula cha trauti. Juu ya kivuko tulipata mabuu zaidi ya ishirini kwa jiwe moja. Chini ya kivuko, mawili, na minyoo myembamba myekundu ambayo haichagui maji. Hatua chache kutoka ukingoni kulikuwa na mkebe mtupu wa dawa ya kupe. Dawa nyingi za kupe za siku hizi huua wadudu wa majini na samaki kwa kiasi kidogo mno, na ng'ombe akinyunyiziwa kisha akaingizwa mtoni kunywa, dawa inashuka naye. Samaki asipokufa hukosa chakula, akahama. Mzee aliuokota mkebe, akautia kwenye gunia lake, akaandika daftarini: chini ya kivuko, usivue.

Saa saba mchana ndipo tulipofika penye chemchemi. Ilitoka chini ya mwamba upande wa kushoto, maji ya unene wa mkono tu, ikaingia kidimbwini. Nikaona vivuli. Nikadhani ni majani. Vilikuwa trauti, kumi na kitu, wamepangana vichwa vyote kwenye mdomo wa chemchemi, mkubwa wao kama urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Mashavu yao yalikuwa yanafunguka na kufunga haraka kuliko nilivyowahi kuona. Nilipima katikati ya kidimbwi: 20. Nilipima mdomoni mwa chemchemi: 14.

Fimbo yangu ilikuwa begani. Nikaanza kuitoa kwenye mfuko, nikimwambia Mzee kwamba wageni wakiletwa hapa wote watarudi Kisumu na furaha.

"Hapa si pa kuvua, kijana wangu. Hapa ni wodi."

Alinieleza huku amechuchumaa, sauti ya chini, kama aliyekuwa kando ya kitanda cha mgonjwa kweli. Samaki akivutwa kwenye maji ya moto hutumia hewa ambayo hana pa kuipata tena. Misuli yake hujaa asidi. Unamwachilia, unamwona anaogelea, unashukuru. Baada ya saa kadhaa anageuza tumbo juu mahali usipopaona. Na ukikanyaga tu ukingo ule, wote hukimbilia kwenye nyuzi 20 na kusubiri humo mpaka uondoke. Tulirudi kinyumenyume. Kidimbwi kile hakikuwahi kuandikwa mahali pake kwenye daftari. Aliandika "chemchemi" na nyuzi zake tu.

Nikamkumbusha lile bwawa dogo la juu, pengine lingefaa kuwaokoa wageni. Tukapanda. Juu ya maji lilisoma 21, na wengi huishia hapo. Mzee alikuwa na chupa tupu ya soda iliyofungwa jiwe, na kizibo chake kimefungwa kwenye kamba ileile, juu kidogo ya shingo. Unaishusha ikiwa imezibwa mpaka kina unachotaka, unavuta kamba kwa ghafla, kizibo kinachomoka, inajaa maji ya huko chini. Unasubiri dakika 3 kioo kishike joto la hapo, unaivuta haraka, unatia kipimajoto shingoni. Mita 2: nyuzi 18. Mita 4: 16. Nikafurahi. Akanipa chupa ninuse. Maji ya mita 4 yalinuka yai viza. Bwawa likikosa upepo na mvua, maji ya moto hukaa juu kama kifuniko, ya chini hayachanganyiki, na majani yanayooza humaliza hewa yote. Juu moto, chini hakuna pumzi. Trauti wa bwawa lile walibaki na utando mwembamba wa katikati tu.

Saa tisa kamili tulikuwa darajani tena. Hiyo ndiyo saa aliyoniletea, kwa sababu mto hauachi kupanda joto saa sita. Huendelea kupokea maji yaliyopikwa juu mpaka alasiri. Nyuzi 21 na nusu, toa nusu. Kisha tukapanda boda boda mpaka ukingo wa msitu, tukaomba ruhusa kituo cha walinzi, tukapima chini ya miti: 17. Mto uleule, alasiri ileile, umbali ambao pikipiki haikumaliza robo saa.

Niliwapigia simu wageni nikiwa palepale, salio likikaribia kwisha. Niliwaambia nilikosea asubuhi. Sehemu ya darajani haivuliwi, bwawa halivuliwi. Anayetaka kuja alale Olenguruone leo hii, saa kumi na mbili na nusu awe msituni, leseni mfukoni, ndoano zote zimebanwa chembe kwa koleo, ule mwiba wa pembeni, ili samaki aachiliwe bila kutolewa majini. Maji yakifika 18 tunatoka, hata kama hajapata kitu. Mmoja alisema asubuhi nilisema kingine, na alikuwa na haki yake. Wawili walighairi. Wawili wakaja na gari la usiku, wamejikunyata kwa baridi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu msituni yalikuwa nyuzi 11. Walipata trauti watatu, wote kwenye mikondo ya mawe, hakuna kidimbwini, kila mmoja akaachiliwa akiwa ameshikwa mikono iliyoloweshwa kwanza, kichwa kikielekea maji yanakotoka, mpaka alipojinyofoa mwenyewe. Saa tano na dakika kumi kipimajoto kilisoma 18. Mgeni mmoja alikuwa ameona samaki akiruka mbele yake muda huohuo. Alikunja mshipi bila kuambiwa.

Tulikula viazi na maziwa lala kwa Mzee. Saa tisa ilipokaribia, aliinuka, akachukua kikombe cha bati na daftari, akaelekea darajani.