Miaka ya Nani

Mwaka 2017 nilikuwa nimeshachoka kuendesha pikipiki ya mtu. Kila jioni mwenyewe alinisubiri pale steji ya Likoni, Mombasa, nimtie mkononi mia nne zake, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Nikajibana mwaka mzima, Mama akaongeza pesa za zamu yake ya chama, na Jumatatu moja asubuhi tukavuka feri kwenda kununua yangu.

Nasema tukavuka kwa sababu Mama alikataa kubaki. "Pesa zangu zaenda," alisema akijifunga buibui, "nami naenda nazo."

Duka lilikuwa upande wa kisiwani, si mbali na Mwembe Tayari. Pikipiki zimepangwa nje kama samaki kwenye meza, viti bado vimevaa nailoni. Nilikuwa nimeshaichagua yangu kwa macho tangu juma lililopita: nyekundu, injini ya cc 150, mita yake sufuri tupu. Kijana wa mauzo alikuwa mpole, amefunga tai katika joto lile, maskini. Tulipomaliza kuhesabu noti mara ya pili akavuta droo akatoa karatasi nyingine.

"Kuna hii ya kuongeza waranti. Kawaida ni mwaka mmoja. Ukilipa elfu nane na mia tano inakuwa miaka miwili. Injini ikisumbua, tunahangaika sisi, si wewe."

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Aliyewahi kulala na pikipiki ya mtu imekufa mbele ya mlango wake, na mwenyewe anapiga simu kila nusu saa, atanielewa. Hilo neno, kwamba atahangaika mtu mwingine, lilinikaa vizuri.

"Isome," Mama akasema.

"Nishaelewa, Mama."

"Nimekwambia isome. Na zile herufi za sisimizi pia."

Mama hakwenda skuli, alikwenda chuoni, chuo cha Kurani. Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, na daftari lake la madeni ya mahamri hakuna karani wa benki awezaye kulidanganya. Karatasi ya Kizungu haisomi, lakini ukimsomea ukaruka mstari anajua, sijui kwa vipi. Basi nikasoma, nikifasiri nikienda. Waranti ya kwanza ni miezi 12 au kilomita 12,000, kitakachotangulia. Ya kuongeza inafika miezi 24 au kilomita 24,000, kitakachotangulia. Haigusi cheni, sprokiti, pedi za breki, klachi, tairi, balbu, nyaya wala betri. Haigusi kutu. Sevisi zote zifanyiwe kwao na kupigwa muhuri kitabuni. Ukikosa moja, waranti imekufa.

Kutu ndiyo ilinifanya nicheke. Mtu anayeshuka hadi feri kila leo, bahari ikijaa maji ya chumvi yanamlamba magurudumu pale mteremkoni, unamwambia kutu haimo.

Mama hakucheka. "Hicho cha kutangulia," aliuliza, "ni kipi?"

Kijana akamweleza vizuri: kati ya muda na mwendo, kile kitakachofika mwanzo.

"Nawe waenda masafa gani kwa siku?"

Hapo nikanyamaza. Dereva wa boda hujua mafuta ya siku na hesabu ya siku, kilomita hana haja nazo. Lakini ile pikipiki ya mtu nilikuwa nikiizungusha Mtongwe, Shelly Beach, Timbwani, kisha tena na tena, na mita yake naijua. Nikakisia kilomita mia na kumi. Siku sita kwa juma.

Kijana wa mauzo mwenyewe ndiye aliyetoa simu akapiga hesabu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana aliona inakoelekea na hakuificha. Mia sita na sitini kwa juma. Elfu kumi na mbili zinakwisha kwa majuma kumi na manane. Elfu ishirini na nne, majuma thelathini na sita, miezi tisa haifiki.

"Wasema miaka miwili," Mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Miaka ya nani? Ya mwenye kuiegesha?"

Kisha akainuka, akatoka nje. Kulikuwa na boda watatu kwenye kivuli cha ukuta, akawaendea. Mimi nilibaki nikiona haya, lakini nikamsikia akimuuliza mmoja pikipiki yake ina umri gani na imemfia nini. Yule akainama kuangalia mita: elfu sitini na moja na mia kadhaa, mwaka wa pili haujaisha. Akahesabu kwa vidole: cheni na sprokiti mara tatu, klachi mara mbili, tairi za nyuma hata hazihesabu. Injini? Ilifunguliwa mara moja, ringi za pistoni, ilipopita elfu hamsini.

Mama akarudi akaketi. Vinavyokufa havimo kwenye karatasi, na kilichomo kwenye karatasi hufa karatasi ishakufa. Hakusema hivyo, nasema mimi. Yeye alimwambia kijana tu, "Mpe risiti yake tuondoke."

Zile elfu nane na mia tano akazichukua yeye. Alizitia kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, akalisukuma chini ya kitanda, akasema pikipiki ikiugua zitatoka huko.

Mita ilipofika elfu kumi na tano na kitu, mwezi wa sita, gia ya pili ikaanza kuruka. Unaingiza, unaongeza mafuta, kitu kinagonga ndani, gia inatoka yenyewe. Fundi wangu wa Likoni aliipasua injini juu ya gunia, akaniwekea kiganjani gia yenye meno yaliyolika pembeni, ya moto bado kwa oili. Spea na kazi, elfu sita na mia mbili.

Elfu kumi na mbili zilikuwa zimepita, ishirini na nne bado. Ile karatasi ingelipa. Au isingelipa, maana sevisi mbili nilishazifanya kwa fundi huyu huyu. Nani apoteze nusu siku na nauli ya feri kwenda kubadilisha oili? Usiku ule nililipigia hesabu jambo hilo kwa kila upande, na kila upande ulinitia uchungu.

Nikaenda kwa Mama. Akalivuta kopo, akahesabu: elfu nne.

"Na nyingine?"

"Nimemkopesha jirani. Bintiye alikuwa yuaolewa, hina, nguo, mambo. Jumamosi atarudisha."

"Mama, si ulisema ni za pikipiki?"

"Pikipiki ilikuwa nzima."

Nikakaa siku tatu bila kazi, injini imefunikwa mfuko wa nailoni pale kwa fundi, wenzangu wakinipita wakipiga honi kwa makusudi. Jumamosi jirani akaja na elfu tatu na sahani ya pilau, zilizobaki akaomba mwisho wa mwezi. Zikatosha. Mama akanihesabia elfu sita na mia mbili, kisha akavuta daftari la mahamri, akalamba ncha ya penseli, akaandika kutoka kulia. Nikachungulia. Chini ya jina la jirani palikuwa na jina langu.

"Hii nayo ni deni?"

"Kwani ulidhani ni nini?" akasema. "Mia mbili kila Ijumaa. Na uende polepole, kopo lina mia nane."