IRC bado yanitosha

Duka langu la kuchapisha liko Langoni, Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Kuta za matumbawe huzuia joto, na mtandao pia. Jana alasiri picha za wateja zilizunguka tu, hazifunguki. Lakini kwenye kompyuta yangu kuukuu, IRC, njia ya zamani ya kuzungumza kwa maandishi mtandaoni, iliendelea kuteremsha maneno mstari kwa mstari.

Aliyeiandika ni Jarkko Oikarinen, Oulu, Ufini, mwaka 1988. Ujumbe ni mstari wa maandishi usiozidi baiti 512, basi. Seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, huupokea na kuwasambazia walio kwenye chaneli, yaani chumba kimoja cha mazungumzo. Ukikatika, yaliyosemwa yamekupita. Ni kama baraza: aliyekuwapo kasikia, asiyekuwapo akasimuliwe. Mwanzo hili lilinikera. Sasa nalipenda, maana nikitoka kuswali sikuti jumbe 300 zikinidai majibu. (Wanaotaka kumbukumbu huacha programu wazi kwenye seva nyingine. Mimi sitaki.)

Basi jana printa ilikataa kutambulika kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu. Nikauliza chanelini. Mtu nisiyemjua, wala sijui yuko nchi gani, akanipa amri mbili. Ya kwanza haikusaidia, ya pili karatasi ikatoka.

Mzee aliyekuwa akingoja nakala za hati yake ya shamba alinichungulia begani. "Mwanangu, hiyo si simu ya upepo?"

Nikamwambia ni jamaa ya hiyo telegramu. Akauliza kama inalipiwa kwa neno.