Kamera kwa watoto wa miaka 5 hadi 8: ninavyowafundisha kusema kwa picha

Siku ya kwanza sitoi kamera. Kila mtoto anapata kipande cha kadi ngumu cha sentimita 10 kwa 15, katikati nimeshakitoboa dirisha la sentimita 6 kwa 9. Anafumba jicho moja, anachungulia. Wengi wa miaka 5 hawawezi kufumba jicho moja, basi nawaambia walizibe kwa kiganja. Kadi ikiwa karibu na jicho wanaona chumba kizima; wakinyoosha mkono, linabaki sikio la mwenzao tu, au kitasa cha mlango. Dakika 20 za kuchungulia hivyo zinatosha mtoto aelewe kwamba kupiga picha ni kuamua nini kiingie na nini kibaki nje.

Kamera ya bei kubwa haihitajiki. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inachapika vizuri kwa pikseli 1,200 kwa 1,800 hivi, yaani megapikseli 2 na kidogo, na kamera ndogo za zamani nyingi zinazidi hapo. Naipendelea kamera yenye kitufe halisi kuliko simu, kwa sababu mtoto anakihisi chini ya kidole. Ikibidi simu, natoa laini, nazima intaneti na utambuzi wa mahali, naifungia kwenye programu ya kamera peke yake, kisha nawaonyesha kupiga kwa kitufe cha sauti cha pembeni, maana kugusa skrini kunaitikisa. Flashi nazima kabisa.

Idadi inayonifaa ni watoto 6, watu wazima 2 na kamera 3. Mmoja anapiga, mwenzake ni mlinzi wa njia, kwani anayetazama skrini haoni ngazi. Mkanda unavaliwa kabla ya kamera kuguswa. Na picha ya kwanza ya kila zamu ni ya kadi yenye alama ya mpigaji: samaki, nyota, jani. Ukisahau hatua hiyo, jioni utakuwa na picha 72 bila kujua ipi ni ya nani, na mtoto aliyepewa picha ya mwenzake huumia kweli.

Makosa ya mwanzo yanajirudia kila kundi, na kila moja lina sababu yake. Picha zilizotikisika hutokea zaidi ndani ya nyumba: mwanga ukiwa hafifu, kamera huukusanya kwa muda mrefu zaidi, pengine sehemu 1 ya 15 ya sekunde, na hapo mkono mdogo umeshasogea. Dawa yake ni mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, mgongo ukutani, na kubonyeza taratibu wakati wa kutoa pumzi. Doa la rangi ya ngozi kwenye kona ni kidole. Nabandika kibandiko chekundu pale vidole vya mkono wa kushoto vinapotakiwa kukaa. Picha nzima ikiwa na ukungu, lenzi ina mafuta ya vidole, ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba. Ukuta wa nyuma ukionekana vizuri ilhali ua la mbele limefifia, amesogea mno: kamera nyingi ndogo, zisipowekwa kwenye alama ya ua, yaani hali ya kupiga vitu vya karibu, hazilengi kitu kilicho karibu sana. Naifungia kamera uzi wa nusu mita, ncha ya pili inashikwa kwenye kitu kinachopigwa; ukilegea, anarudi nyuma. Wengine hukandamiza kitufe hadi mwisho kwa pigo moja, kamera haijapata nafasi ya kulenga. Bonyeza nusu, subiri mlio, malizia.

Kila zamu ni picha 12, basi. Asiyewekewa kikomo hupiga 200 na hakumbuki hata moja. Kufuta hairuhusiwi wiki za mwanzo, kwa kuwa picha anayoidhani imeharibika ndiyo mara nyingi yenye la kusema.

Mwanga nafundisha kwa kiti kimoja na dirisha. Mtoto mmoja anakaa, mwenzake anamzunguka: kwanza dirisha likiwa nyuma ya mpigaji, kisha ubavuni, kisha nyuma ya aliyekaa, ambapo uso unakuwa giza. Sielezi kitu. Naweka picha tatu mezani na kuuliza ipi ni ya siri, ipi ni ya furaha. Wanajibu bila kusita.

Mada ndiyo inayomfungua mtoto au kumfunga. Ukimwambia apige kitu kizuri, ataleta maua na wenzake wanaotabasamu. Wendy Ewald, mpiga picha Mmarekani aliyeanza kuwapa kamera watoto wa milimani Kentucky miaka ya 1970, aliwafundisha kwa mada za mimi mwenyewe, familia, jamii na ndoto. Kwa wadogo hawa "mimi mwenyewe" naichelewesha. Huwafanya wajipange kama kwenye picha ya sherehe. Naanza na "mahali ninapojificha", kisha "kitu kinachonizidi ukubwa", kisha "hasira, bila uso wa mtu". Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote. Tabasamu na kununa vikiondolewa, mtoto hana budi kutafuta kitu cha kusemea: mlango uliofungwa, kamba yenye fundo, kivuli cha ngumi yake mwenyewe.

Kisha tunakaa na picha, na hapa ndipo watu wazima tunapoharibu. Utaona watu waliokatwa vichwa na meza zilizopigwa kutoka chini. Usisahihishe. Macho ya mtoto wa miaka 6 yako mita 1 na kidogo kutoka sakafuni, na dunia yake ndiyo hiyo. Neno "nzuri" silitumii pia: ukisifu paka wa mmoja, kikao kijacho wote wanaleta paka. Nasema, "Niambie kuna nini hapa," nahesabu hadi 10 kimoyomoyo. Nyamaza tu, hata kama kimya kinauma. Halafu, "Ulisimama wapi?" Halafu, "Kuna nini ambacho hakikuingia?" Swali hili la tatu ndilo huleta mengi, picha ya viatu viwili mlangoni inaweza kuwa juu ya mtu anayengojewa arudi. Maneno yake nayaandika yalivyotoka, na sarufi yake hiyo hiyo.

Akitaja jambo linaloonyesha anaumizwa, simchimbi wala simwahidi kutunza siri. Nayaandika maneno yake, nayafikisha siku hiyo hiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto, na picha hiyo haionyeshwi mtu mwingine.

Ruhusa tunaifanyia mazoezi kwa mchezo: mmoja anaomba kupiga, mwingine anajibu "hapana", na mwombaji anashusha kamera bila kubembeleza. Zamu zinabadilishana hadi wote wamekataa na kukataliwa. Walezi hutia saini ridhaa kabla ya kikao cha kwanza, na picha za nyuso hatuzipandishi mtandaoni.

Katika 12 mtoto anachagua 3, nazichapa kwenye karatasi isiyong'aa, kwa kuwa ile ya kung'aa haishiki krayoni, na wengi hupenda kuongeza kilichokosekana: mvua, mtu, mshale. Anazipanga atakavyo. Moja inaenda ukutani, usawa wa macho yake, si yangu, na chini yake maneno yake. Zilizobaki zinaingia kwenye bahasha yenye alama yake, samaki au nyota, na akitaka ile ya ukutani nayo iingie humo, naibandua bila kuuliza kwa nini.