Mvua tuliyoipiga kwa vidole

Muhula wa pili wa 2024 uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya mafuriko. Tulipofungua shule tarehe 13 Mei, darasa langu halikuwa lile nililoliacha Aprili. Wanafunzi wangu wengi hutoka Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kando ya mto. Kuna waliosombewa nyumba na maji, na kuna ambao nyumba zilinusurika maji zikaja kubomolewa na tingatinga mwezi huo huo wa Mei. Mvua ikigonga mabati ya darasa, kalamu zote zinasimama.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ushauri nasaha pia uko mikononi mwangu. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Mwalimu, waache, watoto husahau haraka." Neno hilo linanikera mpaka leo. Mtoto hasahau, hunyamaza.

Nilikuwa nimepitia mafunzo mafupi ya tiba kwa sanaa, basi nikagawa karatasi na kuandika ubaoni: "Chora kinachokuumiza." Nikaletewa bendera, miembe, na nyumba zenye mabomba ya moshi ambamo hakuna anayeishi huko Mathare. Walichora kinachopata maksi. Kijana mmoja alipaka karatasi nzima nyeusi. Mafunzoni tulipewa orodha ya maana za rangi, nami nikamuuliza, "Una huzuni?" Akaifunika kwa mkono. Kumbe krayoni nyeusi ndiyo pekee iliyomfikia. Orodha ile niliichana. Tangu siku hiyo nasema tu, "Niambie kuhusu picha yako," kisha nanyamaza.

Kilichofanya kazi ni mvua yenyewe. Tulisogeza madawati, tukaanza kugonga kwa kidole kimoja: manyunyu. Vidole viwili, viganja, ngumi, mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Mtoto mmoja husimama mbele. Akiinua mkono mvua inazidi, akiushusha inapungua, akifumba ngumi inakatika. Anayetaka kukaa mlangoni anakaa, halazimishwi. Binti mmoja asiyesema kitu tangu tufungue aliomba zamu. Akaikatisha mvua ile mara tatu, polepole, macho kwenye vidole vya wenzake.

Hapo ndipo nikagawa karatasi. Mwanasaikolojia Natalie Rogers wa Marekani alishikilia kwamba sanaa moja huamsha nyingine, na siku ile niliona kwa macho yangu. Walimu wenzangu, waambieni wanafunzi wachore kwa mkono wasioandikia, wasahau kuchora vizuri. Hakuna kusahihisha, hakuna kubandika ukutani. Makaratasi na krayoni vilinigharimu kama shilingi mia saba hivi.

Binti yule alichora mama amejitwika godoro. Nikamwambia aniambie kuhusu picha yake.

"Lilikuwa zito, Mwalimu. Lilikuwa limekunywa maji."

Basi. Sikuongeza neno, naye akarudi kuchora maji yakidondoka kwenye pembe za godoro, tone moja moja.

Mimi si mtaalamu wa tiba, na wawili walioonyesha mambo mazito zaidi niliwapeleka kwa mshauri. Namba 116 ya Childline, simu ya msaada kwa watoto, ambayo kuipiga ni bure, nimeiandika mlangoni.

Mvua za vuli zilipoanza, ziligonga mabati katikati ya insha. Nikamwona binti yule akiinua mkono wake, akaushusha taratibu, akafumba ngumi. Mvua haikukatika. Akaokota kalamu, akaendelea kuandika.