Ngoma na ndoo ya maji

Juzi binti yangu alikuwa anapanga kabati, akaibuka na picha. "Mama, huyu bibi alikuwa nesi au mpiga ngoma?"

Shangazi huyo, na gauni lake jeupe la kazi, ngoma ya muheme kaibana mapajani kama wafanyavyo wanawake wa Kigogo. Sikumjibu. Nilishafika kule mbele ya Mvumi, Dodoma, Oktoba 1999, nina miaka 11, na kazi yangu ni kubeba ngoma.

Sheria ilikuwa na mwaka mmoja tu: kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 ni jela, miaka 5 hadi 15. Nakala alikuwa nayo mkobani na hakuitoa. "Karatasi haichezeki," alikuwa akisema. Basi alitunga nyimbo. (Alichora pia, kwa mkaa na udongo mwekundu, kwenye kila ukuta wa zahanati uliomkalia vibaya.)

Mbuyu tuliokaa chini yake haukuwa na jani hata moja. Kivuli kilikuwa cha shina tu, na jua likisogea, nasi tunasogea, mkutano mzima. Shangazi akapiga, akaimba habari za lawalawa, ule ugonjwa wa mabinti ambao wazee walisema dawa yake ni kisu. Wimbo ukasema hapana: ni maambukizi, yanataka maji safi, sabuni na dawa ya zahanati. Vigelegele vikapanda. Mbele yake kuna ndoo ya maji, ya kuonyeshea.

Bibi mmoja, macho yameliwa na vikope, akainua fimbo.

"Mjukuu wangu, wimbo mtamu. Tuoge. Sasa hiyo ndoo umeitoa wapi?"

"Mjini, bibi. Tumekuja nayo kwenye gari."

"Ehee."

Hakuongeza neno. Wanawake wote wakageukia ile ndoo. Kiganja cha Shangazi kilikuwa bado juu ya ngozi ya ngoma, hakipigi wala hakiondoki. Mtoto mmoja akaja na kata, akachota, akanywa. Akaja wa pili. Shangazi hakuwazuia. Njia nzima ya kurudi hakuimba, naye alikuwa mtu wa kuimba hata akiosha kidonda cha mtu.

Baada ya hapo ni barua za kuomba visima, barua juu ya barua, na miche ya mikwaju uani kwake, kila mmoja na beseni lake la maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Ole wako uyamwage. Akastaafu, akaugua, mwaka juzi tukamzika.

Nyimbo zile huenda zilimwokoa binti wa mtu. Napenda kuamini hivyo. Siku nyingine naona aliyefundishwa pale chini ya mbuyu ni Shangazi.

"Nesi," nikamwambia binti yangu mwishowe.

Akaisogeza picha karibu na macho. "Sasa mbona hii ndoo ni tupu?"