Sigara za kaka nilikuwa nazinunua mie

Nianze kwa kukiri ili nisionekane najifanya daktari. Sigara ya kwanza kuishika mkononi nilikuwa darasa la nne, nimetumwa dukani, "kimbia kamchukulie kaka'ko mbili kabla hajaanza makelele." Nikakimbia na hela kiganjani. Mpemba wa duka hakuuliza kitu mana'ke mtaa mzima hapa Jang'ombe unajua zile ni za nani, akafungua pakti akatoa moja moja akanifungia kwenye kipande cha gazeti kama ananifungia bizari. Nimezinunua hivyo mpaka naolewa.

Kaka yangu ana skizofrenia, maradhi ya akili. Kwetu ilichukua miaka kulisikia hilo neno, kabla ya hapo alikuwa ana shetani, afu ikawa karogwa, afu ikawa kazidiwa na masomo, tumezunguka waganga wa Unguja mpaka Pemba, kombe kanywa madumu kwa madumu, mwisho ndo tukafika Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na dawa zikaanza. Hayo ni marefu, siku nyengine.

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vya njano kama kavichovya kwenye manjano, hata umsugue na limau haitoki. Godoro lake lina matundu. Kila kanzu yake ina kitundu kimoja mbele, usawa wa tumbo, pale cheche inapoangukia. Mama alikuwa haendi kulala mpaka ahakikishe kaka kalala, na si kwa kumuogopa yeye, alikuwa anauogopa moto.

Na sisi ndo tuliokuwa tunamvutisha. Akikataa kuoga, oga nikupe sigara. Akikataa vidonge, meza nikupe sigara. Wageni wapo na yeye anaongea peke yake, chukua hii kakae uwani. Wala si sisi tu, kuna wodi alilazwa nimeona kwa macho yangu mfanyakazi anazigawa baada ya dawa kama anagawa pipi, na nimekuja kusoma kwamba hata huko Marekani zamani kwenye hospitali za wagonjwa wa akili sigara zilikuwa ni zawadi ya kutii. Kwahiyo mtu anaumwa, halafu tunamfunga kamba ya pili kwa mikono yetu tunaita huruma.

Kauli inayoniudhi kuliko zote ni hii: "mwache maskini, ndo starehe yake pekee." Mie nshaijibu mara nyingi mpaka nshachoka. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye maradhi makubwa ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao hawauliwi na zile sauti za kichwani, ni moyo, ni mapafu, ni sukari, na humo kote sigara ina mkono wake. Starehe gani hiyo.

Ya pili ni "inamtuliza." Hii nami niliiamini, manake unaiona kwa macho. Lakini nikotini, ile kitu ya kwenye tumbaku inayomzoesha mtu, inapungua nusu mwilini ndani ya saa mbili hivi, mtu anaanza kukereka, anatembea uwani huku na huku, anawasha, anatulia, na sisi tuliokaa barazani tunasema si umeona? Kumbe iliyomtuliza ndo hiyo hiyo iliyomkera.

Mara ya kwanza kumwachisha ilikuwa ni aibu tupu na sitaificha. Ami aliamua kibabe, akachukua pakti zote akazitia chooni, akamwambia Mpemba wa duka ukimuuzia tutagombana. Siku tatu nyumba ikawa haikaliki. Siku ya nne kaka katoweka tangu asubuhi, tumemtafuta mpaka mchana, tukamkuta kwenye stendi ya daladala kainama anaokota vipisi vilivyotupwa chini, anavikung'uta mchanga, anavipanga kwa urefu kwenye kiganja. Watoto wa skuli wamesimama wanamcheka. Alivyoniona hakukimbia, alinyanyua tu kiganja kunionesha kama nami nataka. Nilimnunulia pakti nzima palepale nikamrudisha nyumbani, na wallahi mpaka leo sijui kama nilikosea.

Mara ya pili ilianza na Ramadhani. Kwa hali yake kasamehewa kufunga lakini anafunga, ukimzuia ni vita, daktari akampangia dawa usiku tukaenda hivyo. Sasa angalia, mtu anayevuta pakti mbili anakaa kutwa nzima bila hata pumzi moja, halafu adhana ya magharibi ikilia tende iko mkono wa kushoto na kibiriti mkono wa kulia. Usiku anazilipiza zote. Lakini mwaka ule kumi la mwisho akaniambia mwenyewe tunakula daku, "nimechoka na moshi dada." Nilimuuliza unataka kuacha? Akasema ndio. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hilo swali, wala mimi.

Akaacha Idi mosi, moja kwa moja, nasi tukafurahi kama tumeozesha. Baada ya wiki mambo yakageuka. Akawa kutwa kalala, anazimia kwa usingizi, mate yanamtoka mdomoni mpaka mto unalowa, akisimama anapepesuka, uji anaumwaga kwa kutetemeka. Bibi akasema basi lile shetani lake limerudi linadai moshi wake. Ami akasema mpeni sigara mtamuona. Na kweli akapewa, akavuta siku mbili tatu, akachangamka! Sasa hapo wewe utambishia vipi bibi?

Alivyoacha tena tukampeleka kliniki, nesi mmoja mtu mzima akamtazama tu akauliza, "Kaacha sigara huyu?" Nikashangaa kajuaje. Akanieleza, nami nakueleza hivi hivi alivyonambia: ule moshi wa tumbaku unalichangamsha ini, ini linaisaga dawa haraka haraka kabla haijafanya kazi yake, kwahiyo mvutaji anapewa dozi kubwa ili ibaki ya kutosha. Akiacha, ini linarudi mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, dozi ni ile ile, dawa inajaa mwilini inamzidi. Kaka alikuwa kwenye olanzapini, dawa ya maradhi yake, na klozapini, dawa nyengine ya maradhi hayo, nayo ni hivyo hivyo tena hatari zaidi, na haloperidoli nayo ila kidogo tu. Na inayofanya hivyo ni moshi wenyewe, nikotini haimo, kwahiyo hata mtu akiwa na kiraka cha nikotini mkononi, kile cha kubandika kwenye ngozi kumsaidia kuacha, bado dozi lazima iangaliwe. Daktari akampunguzia, wiki ya pili akawa mtu. Shetani likapotea kwa nusu kidonge, bibi hajanisamehe kwa kulisema hilo mbele za watu.

Kwahiyo kama una mgonjwa wako, tafadhali sana, waambie kliniki KABLA hajaacha, na akirudia kuvuta waambie pia, manake hapo dawa inapungua na maradhi yanaweza kurudi. Usipunguze dozi wewe kwa kichwa chako kwa sababu umesoma kwangu.

Jengine ambalo hakuna aliyetwambia ni kahawa. Kafeini, ile inayochangamsha kwenye kahawa, inasagwa na ini kwa njia ile ile. Kaka ni mtu wa baraza, vikombe vile vidogo anakunywa saba nane na kashata, alipokuwa anavuta havimfanyi kitu, alivyoacha ikawa moyo unamdunda, usiku macho kodo, anazunguka nyumba. Tukadhani maradhi yameamka. Tukamwambia muuza kahawa amtilie viwili tu, na muuza kahawa kwa hili namshukuru, yeye ndo alikuwa mkali kuliko daktari.

Nimesoma soma pia tafiti za wenzetu. Uingereza waliwachukua watu 526 wenye skizofrenia na maradhi kama hayo, nusu wakapewa mtu wa kuwafuata, anakwenda mpaka nyumbani, hakulazimishi uache leo, unaanza kupunguza, ukirudia mnaanza tena. Majibu yalitoka 2019, baada ya miezi sita waliokuwa wameacha ni 14 kwa mia na wale wengine 6 kwa mia, mwaka ukitimia 15 kwa mia na wale wengine 10 kwa mia. Mtu atasema kidogo. Mie nliposoma nililia, kumbe hata wenye kila kitu inawashinda, si uzembe wa kaka wala wetu. Na 2016 kulikuwa na utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, nusu yao wana maradhi ya akili, wakijaribiwa dawa za kuachishia sigara, vareniklini, bupropioni na viraka vya nikotini, na dawa hizo hazikuonekana kuwavuruga akili zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Mie huku mtaani kwetu viraka nimeviulizia duka la dawa la kwanza na la pili, wa kwanza akanipa plasta ya kidonda.

Mara ya tatu ndo hii tuliyomo. Mpemba wa duka ana daftari, kila asubuhi anampa kaka idadi waliyokubaliana wao wawili, si mimi wala ami. Zilianza kumi na tano. Kati ya moja na nyengine anatafuna karafuu, mama mdogo anatuletea kutoka Wete kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi (jamani karafuu kumi na mbili mfukoni si magendo, msije mkatusemea), inamtia ganzi mdomo kidogo na anasema sigara baada ya karafuu haina ladha. Na kofia. Zamani kabla hajaugua alikuwa anashona kofia za viua, akaacha, mikono ikawa ya sigara tu. Nikamnunulia kitambaa na uzi nikaviweka tu barazani bila kusema neno. Siku ya nne ndo kaviona. Viua vyenyewe vinakwenda kombo, hakuna wa kuinunua, lakini kushona na kushika sigara haviendi pamoja, sindano inataka mikono miwili.

Tulifika tatu kwa siku, akafiwa na rafiki yake wa baraza, ikapanda mpaka kumi tena. Hakuna aliyepiga kelele. Kliniki tuliwaambia wiki ile ile.

Saivi ziko nne. Adhuhuri haipo tena, ya baada ya chakula keshaiacha. Ya alfajiri ndo imetushinda. Anatoka msikitini, anakaa kizingitini kukiwa bado kiza, mie nimelala ndani nasikia kibiriti kimoja, kinagoma, afu cha pili.