Ukirusha chipu ukiwa umenyamaza, hiyo ni koli

Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Usiku wa jana jamaa mmoja ameniambia mbele ya meza nzima ati kasino iache kuajiri watu wasioelewa Kiingereza. Mimi! Niliyepata A ya Kiingereza kwenye mtihani wa KCSE, na shule yenyewe ilikuwa ya wilaya huko Nakuru, vitabu tunagawana watu wanne.

Sasa wengi wenu mnajua nafanya kazi Las Vegas lakini mnadhani nagawa ile poka yetu ya "niko kadi". Sahau hiyo. Hapa ni Texas Hold'em, na pesa inaingia kwa mpangilio, na mimi ndiye askari wa huo mpangilio. Meza yangu ilikuwa ya dola 1 na 3. Maana yake wawili wanaofuata kushoto mwa kile kidude cha mgawaji (alama inayoonyesha nani angekuwa mgawaji) wanaweka pesa kabla hata hawajaona karata, wa kwanza 1, wa pili 3, hizo ndizo blaindi, ndogo na kubwa, la sivyo kila mtu angekaa akingojea karata tamu mpaka asubuhi. Nagawa mbili mbili kifudifudi. Anayefuata blaindi kubwa anaanza: afoldi (atupe karata), akoli (alipe sawa) hizo 3, ama areizi (apandishe). Inazunguka kushoto mmoja mmoja, hakuna kuruka foleni, na raundi haifungwi mpaka kila aliyebaki awe ameweka sawa na wenzake. Ni kama chama, huwezi kwenda mbele na mtu mmoja hajatoa mchango. Mtu akireizi, hata wale walioweka wanaulizwa upya.

Basi mmoja akareizi mpaka 15. Jamaa yangu, simu kwa mkono mmoja, akarusha chipu moja nyeusi, ya 100. Kimya. Nikasema koli, nikamrudishia 85. Hapo ndipo akaamka, ati alitaka kureizi 100. Bwana, sheria ni hii: chipu moja kubwa bila neno ni koli. Ungesema "reizi" kabla haijagusa meza, neno lako lingekufunga na mimi ningekuheshimu. Msimamizi akaja, akasema vile vile nilivyosema.

Sasa mama mmoja mzee aliyekuwa blaindi kubwa, aliyekuwa amebakisha kuongeza 12 tu, akakoli na 7 na 6 za maua. Kwa 100 angetupa karata bila kufikiria, ndiyo maana raundi ya kwanza ni ya kufukuza watu. Nikachoma karata moja, nikafungua tatu, hiyo ni flopu na raundi ya pili. Kuanzia hapo anaanza aliyebaki karibu kabisa kushoto mwa kidude, na kama hakuna aliyeweka unaweza kucheki tu, yaani kupita bure. Maua mawili yako wazi. Mama akacheki, aliyereizi mwanzo akacheki, jamaa akaweka 30, mama akakoli, aliyereizi mwanzo akafoldi. Karata ya nne, ndiyo wanaiita "turn": mama akacheki, jamaa 70, akakoli. Riva, ya tano na ya mwisho: ua la tatu, na yake mawili yakawa matano! Mama akasukuma zote, oli-ini. Jamaa akakoli kwa hasira, akafunua kingi mbili, na maua matano yanazishinda. Kwaheri. Na mezani unacheza na pesa iliyoko mbele yako, hakuna kukimbia ATM katikati ya mchezo.

Hapo ndipo Kiingereza changu kikawa kibaya.

Sikujibu. Huruhusiwi kujibu, na hilo ndilo hamlioni mkiniomba za harusi na za harambee. Mshahara wa chini wa jimbo hili la Nevada ni dola 12 kwa saa, na wengi wetu wagawaji tuko hapo hapo, kinachotulisha ni tipu, kawaida dola moja mtu akishinda poti, ile pesa ya katikati ya meza. Huyo mama alinisukumia chipu ya kijani, 25, akasema nisimsikilize huyo. Zaidi ya elfu tatu za kwetu, kutoka kwa mtu asiyejua hata jina langu. Kidogo nilie, wallahi.

Na nyinyi mnaoniandikia mnataka kuja kucheza World Series ya poka kama yule Moneymaker (jina lake la kweli hilo) aliyeingia kwa mchujo wa dola 86 kwa intaneti mwaka 2003 akaondoka na milioni 2.5, jueni kiingilio cha mchezo mkuu ni dola 10,000. Mkitaka kugawa ndiyo tuongee. Makaratasi ya kazi kwanza, halafu shule ya kugawa, na majaribio mbele ya meneja, na usajili wa jimbo kwa wafanyakazi wa kasino. Hesabu za poti ufanye kichwani, kalkuleta hamna. Na zoeeni kulala mchana.